Kipupwe Kinapoingia: Tutunze Afya na Moyo wa Mwanachama

Kila mwaka, ifikapo mwezi Mei, makatibu wa vyama vya msingi katika Nyanda za Juu Kusini hushika kalamu na kuanza kuhesabu: magunia yaliyomo ghalani, mizani, vitabu vya stakabadhi, fedha za malipo ya awali. Hiyo ni desturi njema, na chama kisichofanya hivyo huumbuka msimu unapofunguliwa. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu halimo katika hesabu hizo, nalo ni hali ya yule mwanachama atakayelileta zao mizanini. Msimu wa kuvuna kahawa huko Mbozi na Mbinga huangukia katika miezi ileile ya kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti. Ndiyo miezi ambayo watoto hukohoa, wazee hujikunyata, na baadhi ya watu hulala jioni wasiamke asubuhi.

Makala haya yameandikwa ili katibu ayasome mbele ya wanachama kabla ya kipupwe kukolea. Hayachukui nafasi ya mganga wala ya muuguzi. Nia yake ni kueleza mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya, na yale ambayo chama kinaweza kuyafanya kwa pamoja.

Baridi yetu yatoka wapi

Watu wa pwani hushangaa wakisikia kwamba katika nchi iliyo karibu na ikweta kuna mahali ambapo majani huamka meupe kwa sakitu. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mwinuko. Kila mtu apandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi za Selisiasi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, kiasi cha mita 2,600. Sababu ya pili ni majira. Mwezi Juni jua huwa limehamia upande wa kaskazini wa ikweta, na pepo za kusi hutuletea hewa ya ubaridi kutoka kusini-mashariki. Ndiyo maana usiku wa Julai huko Njombe joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na Kitulo hushuka hata maji yakaganda.

Tena usiku usio na mawingu ndio wenye baridi kali zaidi, kwa sababu ardhi hupoteza joto lake juu angani bila ya kuwa na kitu cha kulizuia. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo huteremka mabondeni kama maji. Mkulima aliyepanda viazi bondeni hulijua jambo hilo kwa hasara. Na nyumba iliyojengwa bondeni hupata baridi kuliko ile iliyo mtelemkoni, kwa hiyo wanaoishi humo wanahitaji uangalizi zaidi.

Jiko la mkaa katika chumba cha kulala

Tuanze na hatari inayoua kwa haraka kuliko zote. Mambo huwa hivi. Jioni mama amekwisha kupika, na jiko la mkaa bado lina makaa mekundu. Chumba ni cha baridi, watoto wanatetemeka. Jiko linaingizwa ndani, mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa gunia ili ubaridi usipenye. Watu wanalala wakiwa na furaha ya kupata joto. Asubuhi majirani hugonga mlango na hakuna anayeitika.

Kilichowaua si moshi. Ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo hutokea pale mkaa au kuni zinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa huingia katika damu na kujishikiza mahali ambapo oksijeni ilipaswa kushika, na nguvu yake ya kujishikiza inaizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kuvuta pumzi. Aliye macho husikia kichwa kinamuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hasikii lolote. Usingizi wake huzidi kuwa mzito mpaka mwisho.

Kuna imani mbili ambazo zimeangamiza watu wenye akili zao timamu. Ya kwanza ni kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi kwisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo. Makaa yasiyotoa moshi yanaendelea kutoa sumu hiyo saa nyingi. Ya pili ni kwamba sufuria ya maji ikiwekwa kando ya jiko huinyonya sumu. Hilo nalo si kweli, kwani hewa hiyo haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo haina msamaha: jiko la mkaa lisilale chumba kimoja na watu. Anayetaka kupasha nyumba joto aliwashe jiko nje, aliingize mapema jioni huku mlango au dirisha likiwa wazi, na alitoe kabla ya mtu yeyote kulala. Baada ya hapo joto lihifadhiwe kwa njia nyingine. Gunia kavu au mkeka chini ya godoro huzuia ubaridi wa sakafu, ambao huwaibia watu joto kuliko ule wa hewa. Nguo mbili nyepesi zikivaliwa moja juu ya nyingine hupasha mwili kuliko nguo moja nzito, maana hewa iliyonaswa katikati yake ndiyo inayolinda joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa, ikitangulizwa ndani ya blanketi, huondoa ubaridi wa kitanda. Lakini isigusane na ngozi ya mtoto wala ya mzee, kwa kuwa huweza kumwunguza asijue.

Mkikuta watu wamezidiwa na sumu hiyo, fungueni mlango na madirisha mara moja, watoeni nje penye hewa safi, na muwapeleke hospitalini bila kukawia. Msimnyweshe kitu mtu asiye na fahamu. Hata aliyezinduka na kusema kwamba amepona apelekwe, na hasa mama mjamzito, kwa sababu mtoto aliye tumboni hudhurika kuliko mama yake.

Kikohozi cha watoto na nimonia

Wazee wetu husema kwamba baridi huleta kichomi. Usemi huo una ukweli, ila wafaa kufafanuliwa. Nimonia huletwa na vijidudu vinavyoingia mapafuni. Baridi huvisaidia, kwa kuwa watu hujikusanya katika chumba kimoja kilichofungwa, wakakoholeana, na moshi wa kuni ukawaharibu watoto mapafu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba moshi wa jikoni huongeza hatari ya mtoto kupata nimonia kwa karibu mara mbili. Basi mama anayepika akiwa na mtoto mgongoni katika jiko lisilo na tundu la kutolea moshi hamkingi mtoto na baridi, anamwongezea maradhi.

Si kila kikohozi ni nimonia, na si kila mafua yanahitaji dawa kali. Lakini mzazi anaweza kuitambua hatari akiwa nyumbani, bila kifaa chochote ila saa. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo kifuani, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea na haamki vizuri, basi asingojewe hata kuche. Nimonia iliyowahiwa hutibika kwa vidonge vya kawaida; iliyocheleweshwa huua.

Kinga yake nayo ipo. Chanjo ya kuzuia aina mojawapo kubwa ya nimonia ilianza kutolewa nchini mwaka 2013, nayo hupewa mtoto akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Katibu anaposoma makala haya na awaulize wazazi waliopo: kadi za watoto wenu zimekamilika? Maziwa ya mama kwa miezi sita ya mwanzo bila kuchanganya na kitu kingine ni kinga nyingine, na haina gharama. Vilevile kunawa mikono kwa sabuni, ingawa maji ya Julai huuma vidole.

Watoto wachanga na wazee

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Afutwe tu akauke, avikwe kofia. Njia bora ya kumpasha joto ni kifua cha mama mwenyewe, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe. Njia hiyo ilianza kutumiwa na madaktari wa Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, kwa kuwa mashine za kutunzia watoto njiti hazikutosha, na leo inatumika duniani kote. Baba naye anaweza kufanya hivyo mama anapopumzika, wala si aibu.

Wazee wana shida iliyo kinyume. Mwili wa mzee hauna wepesi wa kuihisi baridi, kwa hiyo huweza kupoa mno bila kulalamika. Mishipa ya damu hujikaza wakati wa baridi na shinikizo la damu likapanda; mwenye dawa za shinikizo asiziache katika miezi hii. Mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akiwa mzito kuliko kawaida na tumbo lake likawa la baridi unapoligusa, msidhani kwamba ni uzee tu. Mpasheni joto taratibu kwa mablanketi na kinywaji cha moto kama ana fahamu, mkampeleke kutibiwa.

Chakula, maji na pombe

Neema moja ya kipupwe ni kwamba huja wakati mahindi yanapoingia ghalani. Mwili unaotetemeka unatumia chakula kingi, kwa hiyo asubuhi isipite bila uji wa moto, na ukitiwa maziwa au karanga zilizosagwa ni bora zaidi. Maharage, viazi, mboga za majani na matunda viendelee kuliwa kila siku. Kosa la watu wengi katika majira haya ni kuacha kunywa maji kwa sababu hawasikii kiu. Mwili bado unayahitaji. Yakichemshwa na kunywewa yangali na uvuguvugu hayachukizi.

Kuhusu pombe, inatupasa kusema wazi. Komoni na pombe nyinginezo hazimpashi mtu joto. Hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto ikaja juu, mnywaji akahisi joto. Kumbe joto hilo linatoka mwilini na kupotelea hewani. Zaidi ya hayo, pombe humwondolea mtu akili ya kutafuta kivuli cha nyumba. Mlevi aliyelala njiani usiku wa Januari huamka na aibu. Wa Julai aweza asiamke kabisa.

Moyo usivunjike

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza huko Marekani juu ya huzuni inayowapata watu kila majira ya baridi. Daktari huyo alizaliwa Afrika Kusini, na alipohamia kaskazini alijihisi mwenyewe akipungukiwa na nguvu miezi ya giza ilipofika. Huko giza ndilo kisababishi kikubwa. Katikati ya majira ya baridi mchana wa London huwa wa saa nane tu hivi. Kwetu haiwi hivyo: mchana wa Juni katika Nyanda za Juu Kusini umepungua kwa karibu saa moja tu ukilinganishwa na ule wa Desemba.

Hata hivyo, mioyo yetu nayo huinama wakati wa kipupwe, na sababu zetu tunazijua. Ukungu hufunika shamba mpaka saa nne. Majani ya chai hukua polepole kwa ajili ya baridi, kwa hiyo kilo hupungua na malipo hupungua pia. Mwenye kahawa amekwisha kuipeleka chamani, lakini anangojea fedha huku mwenye duka akimdai. Watu hujifungia ndani, na mwenye shida hubaki na shida yake.

Mwandishi wa makala haya alikuwa katibu wa chama cha msingi kwa miaka kadhaa. Msimu mmoja mwanachama wetu mzee, mjane aliyeishi peke yake, hakufika katika mikutano miwili iliyofuatana. Katika muhtasari niliandika kama ilivyo desturi: "Hakuhudhuria bila udhuru." Mkutano wa pili ulimtoza faini. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikuuliza. Kijana aliyetumwa kupeleka barua ya faini ndiye aliyemkuta kitandani, amekonda, hajawasha moto kwa siku nyingi, na kahawa yake imeiva ikaangukia chini ya mti. Hakuwa na homa. Alisema tu kwamba hakuona sababu ya kuamka. Tulimpeleka kutibiwa, vijana wakamchumia kilichobaki, na wanawake wa jirani wakapeana zamu ya kumpikia uji. Alirudi mkutanoni mwezi Septemba. Faini ilifutwa, lakini ule mstari katika muhtasari umebaki, na kila niukumbukapo huona haya.

Huzuni ya siku mbili tatu ni ya kila binadamu. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila furaha, halali au analala mno, hali vizuri, anajiona hana maana, kazi aliyokuwa akiipenda imemshinda, huo si uvivu. Ni ugonjwa uitwao sonona, nao hutibika. Asikemewe wala asichekwe. Asikilizwe, kisha asindikizwe hadi kituo cha afya. Na akitamka kwamba heri afe, neno hilo lisichukuliwe kuwa ni mzaha. Asiachwe peke yake, na dawa za kuulia wadudu shambani ziondolewe nyumbani na kufungiwa. Kwa sababu dawa hizo mara nyingi hupitia katika ghala la chama, jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja.

Kwa wale walio wazima, dawa ya moyo ni kutoka nje. Jua likichomoza, mtu akae juani au atembee, hata nusu saa. Kazi za kupokezana, kama kuchuma kahawa leo kwa huyu na kesho kwa yule, zina faida mbili: zao huchumwa kwa wakati, na hakuna anayebaki peke yake. Ngoma, kwaya, mpira wa vijana, hadithi za wazee jioni, haya si mambo ya kupoteza wakati. Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Wajibu wa chama

Pengine mwanachama atauliza: haya yanahusianaje na ushirika? Mwaka 1995 vyama vya ushirika duniani vilikubaliana juu ya kanuni saba, na ya saba ni kujali jamii. Nasi tulikuwa na mfano wetu wenyewe kabla ya hapo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchini Tanzania, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hapakuwa na aliyengoja kufanyiwa. Basi yafaa kila chama kifikirie hatua hizi:

1. Mwezi Aprili au Mei, katibu aorodheshe wanaohitaji mablanketi, makoti ya mvua na mabuti, ili vinunuliwe kwa jumla na kwa bei nafuu. Makato yafanywe kwa idhini ya maandishi ya mwanachama, wala yasizidi uwezo wake.

2. Mhudumu wa afya aalikwe kuzungumza kwa robo saa kabla ya mkutano wa Mei au Juni. Mikutano ya kipupwe ianze saa tano, ukungu ukiisha kuondoka.

3. Mahali pa kupokelea zao pawe na paa na uzio wa kuzuia upepo, na chungu cha uji wa moto kisikosekane. Wazee na wajawazito wapimiwe kwanza.

4. Wachuma chai na wanaoosha kahawa wavae aproni ya plastiki, na nguo zilizolowa umande zibadilishwe mara kazi inapokwisha.

5. Majina ya wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao yaandikwe, na kila mmoja awe na jirani aliyekabidhiwa kumpitia kila siku.

6. Mwanachama asiyeonekana mara moja atembelewe. Faini isijadiliwe kabla ya ripoti ya aliyemtembelea.

7. Tarehe ya malipo itangazwe kwa ukweli. Ikiwa fedha zimechelewa, wanachama waelezwe mapema na sababu zake. Mtu huvumilia kungoja. Kinachomvunja moyo ni kungoja asijue hadi lini.

Maswali ya kuzungumzia mkutanoni

Je, katika kijiji chetu ni nyumba ngapi zinazolala na jiko ndani, na nani atakwenda kuzungumza nao? Ni mwanachama gani ambaye hatujamwona kwa wiki mbili? Ghala letu linatunza vipi dawa za wadudu? Chama kinaweza kutenga fedha kiasi gani kwa ajili ya uji wa mizanini?

Ndugu Katibu, majibu ya maswali hayo yaandikwe katika muhtasari, na kila jibu liwe na jina la mtu aliyepewa kazi na siku ya kuitimiza. Kisha mkutano ukimalizika, kabla ya kufunga kitabu, pitia orodha ya mahudhurio mara moja zaidi, na uulize habari za wale ambao majina yao hayana alama.